Kilo kumi za unga ni siku tano: kupanga msaada wa chakula mitaani Moshi

Kilo kumi za unga zikiingia kwenye nyumba ya watu watano isiyo na chakula kingine, zinaisha siku ya tano jioni. Ugali ukiwa ndio tegemeo, mtu mmoja hula kama gramu 400 za unga kwa siku, kwa hiyo watano hula kilo mbili. Nyumba ya watu wawili itasogea karibu wiki mbili. Nyumba ya watu wanane itakosa unga siku ya nne. Pamoja na hayo, kila vyuma vinapokaza, ni kawaida kuona kikundi kikigawa kiroba kilekile cha kilo kumi mlango kwa mlango na kuamini kwamba mwezi umevukwa.

Hesabu ya msaada inapaswa kuanzia kwenye chungu cha mlaji, kisha irudi nyuma hadi stoo, sokoni na kwa mfadhili. Vikundi vingi huanzia upande wa pili: fedha tuliyonayo ni hii, majina ni haya, tugawanye. Makosa mengi ya kazi hii yanazaliwa hapo. Maelezo haya ni kwa kikundi cha kawaida cha mtaa, kiwe cha jumuiya ya kanisa, cha msikiti, cha akina mama au cha wastaafu, na tutatumia mfano wa kaya 100 za mjini Moshi.

Miezi inayobana

Moshi ina shida za mwaka mzima, lakini kati ya Machi na Mei vyanzo vingi vya kipato hukauka kwa pamoja. Masika yakianza, wapandaji wa Kilimanjaro hupungua sana, na kilele cha ukimya ni Aprili na Mei. Wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, pamoja na wapishi na waongozaji hukaa nyumbani. Nyumba za wageni hupunguza watu. Mama lishe aliyekuwa akiwauzia wote hao anabaki na sufuria iliyojaa saa nane mchana. Ujenzi husimama kwa mvua, saidia fundi hana siku. Viwanda vya sukari nchini, pamoja na TPC iliyo kusini mwa mji, husimamisha uvunaji wa miwa masika kwa kuwa mashamba hayapitiki, na vibarua wa msimu nao hurudi nyumbani. Wakati huohuo mahindi ya tambarare bado yako shambani, mabichi, na yaliyoko sokoni ni ya mwaka jana na yamepanda bei.

Anayeishi mlimani mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, angalau ana mgomba. Mpangaji wa chumba kimoja Pasua, Njoro, Majengo au Bomambuzi hana hata mchicha wa kuchuma. Kuna pia mzee ambaye Desemba alikuwa na wageni tele. Watoto walikuja Krismasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wakaacha mchele, sukari na fedha kidogo. Ikifika mwishoni mwa Machi vimekwisha, na kupiga simu kuomba tena anaona haya.

Mwaka 2020 shida hii ilitoka nje ya miezi yake. Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili na kufunguliwa 18 Mei, lakini wageni hawakurudi kwa kasi waliyoondokea, na Juni ambayo kwa kawaida huwaita wagumu milimani ikapita kimya. Kwa hiyo mpango wa msimu uwe na swali moja ndani yake: Juni isipoleta kazi, tutafanya nini? Kikundi ambacho kimetumia kila shilingi ifikapo Mei 31 hakina jibu.

Orodha: nani anakula chungu kimoja

Kabla ya kununua hata kilo moja, kaeni na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na, ikiwezekana, afisa ustawi wa jamii wa kata. Kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa. Kikundi kidogo cha kijamii hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na shirika kubwa zaidi husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Usajili si mapambo. Bila huo hamfungui akaunti ya kikundi, na fedha ya msaada inaishia kwenye simu ya mtu binafsi, halafu ugomvi unafuata.

Kisha tafuteni majina kwa njia tatu zisizotegemeana. Ya kwanza ni uongozi wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi. Ya pili ni wahudumu wa afya, kwa sababu wao wanaingia ndani na wanajua mtoto gani amepungua uzito. Ya tatu ni kutembea wenyewe, mlango kwa mlango, angalau kwenye sehemu ambazo majina yametoka machache mno. Mtaa ukitoa majina arobaini upande wa barabara na manne tu upande wa mtoni, jueni aliyeandika hakuvuka.

Wanaoachwa nje ya orodha ni walewale kila mara. Wapangaji wapya, kwa kuwa balozi hawajui. Mtu mwenye ulemavu anayefungiwa ndani na ndugu zake. Bibi anayelea wajukuu ambaye jina lake limo kwenye orodha kama mtu mmoja ilhali wanaokula ni sita. Na mzee mwenye nyumba nzuri. Huyu wa mwisho anasahaulika zaidi Kilimanjaro kuliko mikoa mingi: nyumba ya matofali yenye bati jipya na geti alijengewa na mwanawe, mwana amefariki au amepoteza kazi, na ndani ya geti hakuna chumvi. Vigezo vinavyoangalia ukuta na bati vitampita. Vigezo vinavyoangalia jiko vitamkuta.

Kwa hiyo dodoso lisimuulize mtu kama ana njaa. Mwenye haja ya kweli mara nyingi atakataa kwa heshima yake, na asiye na haja atakubali. Baada ya shikamoo na salamu za kutosha, ulizeni mambo yanayohesabika. Jana jiko liliwashwa mara ngapi? Wangapi walipiga pasi ndefu, yaani walipita mchana bila kula? Tangu mwezi uliopita mmeuza nini cha ndani: redio, kuku, vyombo, godoro? Dukani bado wanawakopesha, au daftari limefungwa? Kuna anayewadai rejesho la kila siku? Katika hayo, swali la daftari la duka ndilo tunaloliamini kuliko yote. Mwenye duka anawajua wateja wake kwa miaka, na akishafunga mkopo wa unga na sabuni, nyumba hiyo imekwisha kukopa kwa ndugu na jirani kabla yake.

Kaya ielezwe hivi: watu wanaokula chungu kimoja. Maana hiyo inazuia makosa mawili. Familia moja iliyojigawa majina matatu, la baba, la mama na la kijana wa kiume, inarudi kuwa moja. Na nyumba moja yenye vyungu viwili, kama cha bibi uani na cha mkwe mbele, inahesabiwa mbili. Andikeni idadi ya walaji, siyo idadi ya watoto waliozaliwa. Mtoto aliyeko bweni hahesabiwi hadi arudi likizo. Mtoto wa chini ya miezi sita hali unga, lakini mama anayemnyonyesha anakula zaidi, kwa hiyo mtoto huyo naye mhesabuni.

Vigezo visomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa, na watu waruhusiwe kuvipinga. Kwenye majina ndipo vikundi hutofautiana. Wapo wanaoyasoma yote kwa sauti ili kuzuia upendeleo, na hoja yao ina nguvu. Sisi tunaona inatosha majina yakaguliwe na kamati ya watu wa makundi mbalimbali, pingamizi zipokelewe kwa siku saba, na kila aliyekataliwa aambiwe sababu. Kilicho hakika ni kwamba sababu za kiafya haziandikwi kwenye orodha inayozunguka. Mtu anayetumia dawa za VVU au za kifua kikuu anahitaji chakula ili dawa zimkae, lakini safu ya "sababu" kwenye karatasi ikisomwa na jirani, mmemsaidia unga na kumharibia maisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa hata ninyi wenye daftari la kurasa 96: majina, namba za simu na picha za watu ni mali yao, na picha ya mtoto akipokea kiroba haiendi kwenye kundi la mtandaoni bila ridhaa ya mzazi. Kwa maoni yetu haiendi hata kwa ridhaa, maana mzazi mwenye njaa hawezi kukukatalia.

Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini zisifutwe moja kwa moja. Malipo yake huja kwa vipindi, na katikati ya kipindi chungu hakisubiri. Ulizeni malipo ya mwisho yalikuwa lini ndipo mwamue.

Kifurushi kinachofanana na tumbo

Kiwango kinachotumiwa na wapangaji wa chakula cha dharura duniani ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wastani wa rika zote. Unga gramu 400 unatoa kama 1,440. Maharage gramu 80 yanaongeza kama 270, na mafuta gramu 30 mengine 265. Jumla inakaribia 2,000, na kinachopungua kinajazwa na mboga au sukari. Chumvi ni gramu 5.

Chukueni sasa kaya 100 zenye wastani wa walaji wanne na nusu, yaani walaji 450, kwa siku 14. Unga ni kilo 2,520, sawa na viroba 101 vya kilo 25. Maharage ni kilo 504. Mafuta ni kilo 189, kama lita 205. Chumvi ni kilo 31.5. Mzigo wote ni tani tatu na robo, Canter moja iliyojaa. Ongezeni asilimia tatu kwa mifuko itakayopasuka na majina yatakayopatikana siku yenyewe. Kama fedha iliyopo inanunua nusu tu ya hapo, mna njia mbili za haki: kaya zilezile kwa siku saba, au nusu ya kaya kwa siku 14. Kupunguza kilo kimyakimya huku mkiendelea kuita "chakula cha wiki mbili" kunamfanya mama apange wiki mbili, na atakwama siku ya nane.

Kupima kila kaya kivyake siku ya ugawaji hakuwezekani, foleni haitaisha. Tengenezeni makundi matatu. Walaji mmoja au wawili: unga kilo 10, maharage kilo 2, mafuta lita 1. Watatu au wanne: unga kilo 25, maharage kilo 4 na nusu, mafuta lita 2. Watano hadi saba: unga kilo 35, maharage kilo 7, mafuta lita 3. Kila kundi pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Wanane na kuendelea wapangiwe mmoja mmoja, si wengi. Watoto wa miezi sita hadi miaka miwili wanahitaji zaidi ya ugali na maharage, basi kwenye kaya zao ongezeni karanga au dagaa wa kusagia kwenye uji.

Sukari, ingawa ingeweza kujaza pengo lile la kalori, tunashauri iachwe msimu huu. Viwanda vikisimama bei hupanda, na mwanzoni mwa 2024 ilipanda hadi ikawa habari ya nchi nzima. Fedha hiyo iwekwe kwenye mafuta, yenye nguvu zaidi kwa kila gramu.

Maharage yaliyokataa kuiva

Hapa ndipo panapohitaji jicho kali kuliko penginepo.

Maharage yanayouzwa Aprili mara nyingi yamekaa stoo miezi minane. Maharage yaliyokaa kwenye joto na unyevu hujenga ugumu ambao moto hauondoi kirahisi. Mapya yaliyolowekwa huiva kwa saa moja na nusu hivi, ya zamani yanaweza kuchukua saa tatu na bado yakagoma. Kwa mwenye gesi ni usumbufu. Kwa mama anayenunua mkaa wa kopo, saa tatu ni mkaa wa siku mbili. Anapika mara ya kwanza, hesabu inamkataa, na mara ya pili anakula ugali kwa chumvi huku kilo saba za maharage zikiwa kwenye mfuko pembeni.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya kulipa, chukueni konzi moja kutoka kila gunia, kutoka katikati na siyo juu, loweka usiku kucha, chemsha asubuhi, andika muda. Gunia ambalo halijaiva kwa saa mbili lirudi. Mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni anayejua kwamba mtarudi kununua tena atakubali. Anayekataa jaribio amekwisha kuwajibu. Siku ya kugawa, kila mtu aambiwe aloweke tangu jioni na amwage maji yale. Wengi hulainisha kwa magadi, na yanasaidia kweli, ila yanapoteza baadhi ya vitamini, kwa hiyo kuloweka kutangulie.

Mnaponunua mahindi ili kusagisha wenyewe, jambo la kuogopa ni unyevu, kwa sababu kuvu humea humo na kuacha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Kiwango cha juu cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ni asilimia 13.5. Bila kifaa cha kupimia, tumieni chupa: weka mahindi hadi theluthi moja kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi yale ni mabichi. Nunueni kwa mizani, msikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Gunia la kilo 100 ni madebe sita, na mnunuzi anayehesabu magunia bila kuyapima hajui amelipia kilo ngapi.

Dona au sembe? Dona lina lishe zaidi kwa kuwa kiini cha punje kimo, na kwa sababu hiyohiyo ya mafuta ya kiini huchacha mapema. Likisagwa wiki hii na kugawiwa wiki hii, chagueni dona. Likikaa stoo, nunueni sembe lililoongezwa virutubishi. Stoo iwe na chanja, viroba visiguse sakafu wala ukuta, na kila kinachoingia na kutoka kiandikwe kwenye leja siku hiyohiyo, na watu wawili watie sahihi. Mafuta yanunuliwe yakiwa yamefungwa kiwandani. Kupima kutoka kwenye dumu la lita 20 kunaokoa fedha kidogo na kuleta manung'uniko mengi.

Fedha badala ya unga

Mjini, ambako soko lipo na lina chakula, mara nyingi fedha ni bora kuliko kiroba. Mama anajua kama anahitaji unga, mkaa, au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya Mawenzi. Hakuna Canter, hakuna panya. Lakini fedha ina mitego yake. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na wazee wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, basi hakikini jina linalotokea kabla ya kutuma na mwulizeni mzee mwenyewe kama ndiye anayemwamini. Tumeni pamoja na ada ya kutolea, la sivyo elfu ishirini inafika pungufu. Bei zikipanda wiki hadi wiki, fedha inayeyuka na unga haupungui kilo.

Mtego mkubwa ni kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa na rejesho la kila siku. Tuseme mama lishe amekopa shilingi 200,000, rejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Atarudisha 260,000, asilimia 30 ndani ya mwezi. Wateja wakiwepo anaweza. Aprili mauzo yakishuka hadi 15,000 kwa siku na malighafi pekee ni 9,000, kinachobaki hakifikii rejesho, na mkopeshaji ameshaandika godoro na jiko lake la gesi kuwa dhamana. Ukimtumia huyu elfu thelathini, unamlipa mkopeshaji. Ukimpa mafuta lita tatu, atauza mbili. Kikundi kikisikia msaada unauzwa, kiulize nani anamdai kabla ya kumfuta kwenye orodha.

Kumlipia deni lote nako hakusaidii. Mkopeshaji anafurahi, na wiki ya pili mama amekopa tena. Kinachofanya kazi ni kwenda naye, mtu mmoja wa kikundi na mmoja wa mtaa, kuomba rejesho lipunguzwe nusu kwa muda mrefu zaidi, kwa maandishi. Ulizeni leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji wa biashara anatakiwa awe nayo, na asiye nayo huwa mpole akiulizwa mbele ya mwenyekiti. Muda wote huo kaya ipewe chakula, siyo fedha.

Kasha lenye kufuli tatu

Njia ya kutoka kwenye kausha damu ipo mtaani tayari: vikundi vya hisa, VICOBA na ndugu zake. Wanachama hununua hisa kila wiki, kwa kawaida moja hadi tano. Kasha lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti wasio viongozi. Mtu hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Pembeni kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo sawa kwa wote, wa misiba, ugonjwa na njaa. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili wanagawana. Sheria hiyohiyo ya 2018 inavitambua kama daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, vyenye wanachama 10 hadi 50, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024.

Asasi inaweza kuua kikundi kama hiki kwa wema. Ikitia fedha ya mfadhili kwenye kasha la mikopo, wanachama wanaona ni ya bure, marejesho yanalegea, na hata akiba yao wenyewe inafuata. Fedha ya nje iingie kwenye mfuko wa jamii tu, kwa masharti yaliyosomwa kikaoni, kwa mfano kuongezea shilingi moja kwa kila shilingi waliyochanga Januari hadi Machi. Jambo jingine ni tarehe. Vikundi vingi vya Moshi hugawana Desemba kwa ajili ya sikukuu. Mkivishawishi kusogeza mgao hadi katikati ya Machi, fedha inafika nyumbani wiki ambayo jiko linaanza kupoa. Ni vigumu kuwashawishi mwaka wa kwanza. Anzeni na theluthi moja ya mgao.

Kugawa, kisha kurudi jikoni

Siku ya ugawaji ni ya mvua, panga ukijua hivyo. Ukumbi wenye paa, viroba juu ya turubai, watu waitwe kwa zamu ya ishirini kila nusu saa kwa tiketi zenye namba. Wazee na wajawazito wana viti na zamu ya kwanza. Mezani mtu mmoja anasoma namba, wa pili anakagua kundi la walaji, wa tatu anashuhudia sahihi au dole gumba. Kiroba cha kilo 35 hakibebeki na bibi wa miaka sabini: tengeni nauli ya bodaboda au vijana wa mtaa, la sivyo atamlipa mbebaji kwa unga. Watangazieni awamu zitakuwa ngapi na ya mwisho ni tarehe gani. Kaya inayojua tarehe ya mwisho inapanga. Isiyojua inasubiri.

Siku ya kumi na mbili, chagueni kaya kumi kati ya zile mia kwa kura na mzitembelee, mtu asiyeshiriki kugawa ndiye aende. Msiulize kama waliridhika. Ombeni kuona kilichobaki. Unga umeisha mapema na walaji ni walewale walioandikwa: gramu 400 hazikutosha, au kuna mgeni chunguni, mwandikeni. Mafuta yameisha siku ya tatu: yaliuzwa, tafuteni deni. Unga umeisha na maharage bado yamejaa mfukoni: gunia lile halikujaribiwa, na awamu ijayo punguzeni kilo mbili za maharage, fedha yake inunue mkaa.